“Sijambo” haina pointi: jibu kwa dada anayesubiri simu ya tathmini ya PIP

“Dada, habari za kazi. Nina miaka 49, natoka Mombasa, niko Leicester tangu 2008 na nina kibali cha kuishi daima. Nilikuwa nafanya usafi hospitalini zamu za usiku mpaka baridi yabisi iliponishika viganja, magoti na nyayo. Nimeomba PIP, yale malipo ya serikali ya hapa Uingereza kwa wenye ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu, fomu nimesharudisha, na sasa nimepata barua kwamba nitapigiwa simu ya tathmini baada ya wiki tatu. Tangu hapo usingizi umepaa. Rafiki yangu aliyewahi kupitia ananiambia niseme siwezi chochote, maana ukisema ukweli wanakunyima. Mwingine ananiambia nisiwe na shaka, daktari akiona eksirei na dawa ninazokunywa atajua mwenyewe. Mimi si mlemavu wa kiti cha magurudumu. Zipo siku napika na kufua, na zipo siku hata kikombe cha chai nakishika kwa mikono miwili. Niseme siku ipi? Kiingereza changu ni cha kazini, nafikiria mwanangu wa miaka 17 anitafsirie. Na wakinikuta natembea mtaani baadaye, hawatasema mimi mwongo? Nimefanya kazi miaka 14 bila kumwomba mtu kitu. Naona aibu, na usiku mwingine nawaza heri nisingekuwepo.”

Dada yangu,

Nianze na maneno yako ya mwisho, kwa sababu tathmini inaweza kungoja na hayo hayawezi. Wiki hii mwombe daktari wako wa familia nafasi ya kumwona, na umwambie kama ulivyoniandikia mimi, bila kupunguza neno. Usiku ukikuelemea, namba ya Samaritans, wale wanaosikiliza watu walioelemewa, ni 116 123, haina malipo na inapokelewa saa zote 24. Ukifika mahali unaona utajidhuru, piga 999. Maumivu yasiyokoma na kukosa usingizi humvunja mtu yeyote, hata yule aliyekuwa nguzo ya nyumba, na hali hiyo ina matibabu. Ni sehemu ya ugonjwa wako, na katika simu hiyo ina haki ya kutajwa sawa na magoti.

Sasa tathmini. Nikikuelewa vizuri, unavutwa na hofu mbili kwa pamoja: ukisema ukweli utanyimwa, ukitia chumvi utaitwa mwongo. Katika miaka ambayo nimekaa na watu wetu wakijiandaa kwa simu kama hii, waliotia chumvi niliwaona wachache. Waliokosa walikosa kwa kupunguza.

Nilimsindikiza mama mmoja wa Lamu, rika la mama yangu, kwenye tathmini ya ana kwa ana. Alikuja na buibui jipya, hina mkononi, uso umechangamka. Akaulizwa anajisikiaje leo. Akajibu kupitia mkalimani kwamba anamshukuru Mungu, hajambo. Akaulizwa kama anavaa mwenyewe, akasema ndiyo, navaa. Hakusema kwamba binti yake aliamka saa kumi na moja alfajiri kumfunga sidiria, kumvisha soksi na kumpachika pini za mtandio, na kwamba shughuli hiyo ilichukua dakika 45 kwa sababu bega halikuinuka. Ripoti ilipotoka ilimtaja kuwa nadhifu, mchangamfu, anayevaa bila msaada. Kwenye kuvaa alipewa sifuri. Mle chumbani hakuna aliyesema uongo. Mama alijibu kwa adabu aliyolelewa nayo, na mwulizaji akaandika alichosikia.

Kwetu hali huulizwa ikajibiwa kwa heri kwanza, maradhi yakafuata baadaye kama mtu ataendelea kuuliza. Mgonjwa yuko kitandani na dripu mkononi, unamuuliza u hali gani, anakwambia “alhamdulillahi, sijambo kidogo,” na wewe unaelewa kwamba ni mgonjwa. Kwenye tathmini ya PIP hakuna wa kuelewa hivyo. “Sijambo” inageuzwa Kiingereza inakuwa mzima wa afya, inaandikwa, inakaa kwenye faili. Ukiniuliza ujiandae na nini kwanza, nakwambia ni hilo.

Turudi kwa rafiki yako wa eksirei. Anadhani tathmini ni kama kwenda kliniki. Atakayekupigia ni mtu wa fani ya afya, pengine muuguzi, mtaalamu wa fiziotherapia au mhudumu wa ambulansi, aliyeajiriwa na kampuni yenye mkataba na serikali. Hatafuti ugonjwa wako, hakutibu, wala si yeye anayeamua. Anaandika ripoti, ripoti inakwenda DWP, yaani idara ya kazi na pensheni, na huko ndiko afisa anakoamua. Baridi yabisi yenyewe haina pointi hata moja. Watu wawili wenye eksirei zinazofanana wanaweza kupata majibu tofauti kabisa, kwa sababu kinachopimwa ni yale ambayo ugonjwa unakuzuia kuyafanya.

Yanayopimwa ni mambo 12. Kumi ni ya maisha ya kila siku: kuandaa chakula, kula, kufuata dawa na matibabu, kuoga, kuvaa na kuvua, kwenda chooni, kuzungumza, kusoma, kuchangamana na watu, na kuamua mambo ya pesa. Mawili ni ya mwendo: kupanga na kufuata safari, na kutembea kwenyewe. Kila jambo lina ngazi zake za pointi, na unapewa ngazi moja tu kwa kila jambo. Ukifikisha pointi 8 katika fungu moja unapata kiwango cha kawaida cha fungu hilo, ukifikisha 12 kiwango cha juu. Kwa mwaka wa fedha 2025/26 fungu la maisha ya kila siku lilikuwa pauni 73.90 kwa wiki au 110.40, na la mwendo lilikuwa 29.20 au 77.05. Hawaangalii mshahara wala akiba yako, na hata ukirudi kazini saa chache PIP haiondoki kwa sababu hiyo peke yake. Unaposema “mimi si mlemavu wa kiti cha magurudumu,” kwenye kanuni hizi hakuna mahali panapodai kiti.

“Niseme siku ipi?” Hili ndilo swali zuri kuliko yote uliyoniuliza, na jibu lake ni zote mbili, pamoja na hesabu. Kanuni inaangalia kipindi cha mwaka mzima, miezi 3 iliyopita na 9 inayokuja, na inauliza: ugumu huu unakupata katika zaidi ya nusu ya siku za kipindi hicho? Siku inahesabiwa hata kama ugumu ulikushika sehemu tu ya siku hiyo, mradi si kitu cha kupita tu. Kwa mgonjwa wa baridi yabisi hapa pana uzito mkubwa. Wengi wenu asubuhi vidole vimekauka kama mti mpaka saa nne, halafu mchana vinalegea. Mtu anakumbuka mchana, anasema jana ilikuwa siku nzuri. Lakini asubuhi ya jana hukuweza kufunga kifungo wala kuminya dawa ya meno, na asubuhi ndipo watu huoga na kuvaa. Kwa kuoga na kuvaa, siku hiyo ni mbaya.

Basi chukua kalenda ya ukutani, ile ya duka la nyama inatosha, na kwa wiki hizi tatu kila usiku andika mistari miwili. Asubuhi vidole vilifunguka saa ngapi. Nani alikusaidia, kwa kitu gani. Ulidondosha nini. Usiandike “nilikuwa vibaya”. Andika “sufuria ya maji ilinitoka, Yusuf akamalizia wali,” kwa jina la mwanao lolote lile. Mwisho hesabu. Ukikuta siku 13 kati ya 21 ni mbaya, sasa una jibu la kumpa: “Katika wiki, siku nne hadi tano ziko hivi. Mbili au tatu ni afadhali, ziko hivi, na nikijitutumua siku ya afadhali kesho yake nalala.” Sema hivyo kila anapokuuliza kama unaweza jambo fulani. Usimwachie neno “wakati mwingine”, kwa sababu wakati mwingine yako na yake si moja.

Kuna jambo jingine kwenye kanuni ambalo rafiki zako wote wawili hawakukwambia. Huhesabiwi kwamba unaweza kitu mpaka uweze kukifanya kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kukirudia kila kinapohitajika, na kwa muda usiozidi mara mbili ya ule anaochukua mtu asiye na ugonjwa huo. Yasome tena manne hayo, kisha nenda jikoni.

Chukua kiazi kimoja, kitunguu na kisu. Umenye, ukate, uweke sufuria yenye maji motoni, kisha umwage maji. Mtu akutazame na saa, wewe usijikaze kwa ajili ya saa. Ulikaa kwenye kigoda? Ulishika kisu kwa ngumi kwa sababu vidole havikunji? Kiazi ulikimenya kikaisha nusu? Maji ya moto nani aliyamwaga? Ukishika kisu kikakuponyoka mara mbili, huo si usalama. Ukimenya kimoja ukaacha kwa sababu viganja vinawaka, hujaweza kurudia. Na ukichukua dakika 50 kwa kazi ya dakika 20, kwa mujibu wa kanuni hukuiweza, hata kama mwisho chakula kiliiva.

Nakwambia kiazi kwa sababu. Watu wetu wakiulizwa kupika wanazungumzia pilau. “Siku hizi siwezi tena kupika biriani ya Idi.” Inauma, najua, lakini haina pointi. Kipimo chao ni chakula chepesi cha mtu mmoja, cha vitu vibichi, kwenye jiko la kufika kiunoni. Kuinama kwenye oveni hakumo, kukanda chapati za watu kumi hakumo. Zungumza kiazi, kitunguu, kopo la nyanya na sufuria ndogo.

Na usione haya kutaja vifaa. Nakutana na wanaosema “naoga mwenyewe, nimeweka tu kiti bafuni,” wakidhani kiti kimewaondoa kwenye hesabu. Kiti ndicho kinachowaingiza. Kuhitaji kifaa ili uoge ni pointi 2. Kuhitaji mtu akushike unapoingia na kutoka kwenye bafu ni 3. Kuhitaji kifaa ili uandae chakula ni 2, kuhitaji mkono wa mtu ni 4. Kuvishwa soksi, suruali au viatu na mtu mwingine ni 2. Sasa tazama: mtu anayemtegemea mwanawe kumwaga maji ya viazi (4), anayeshikwa kuingia bafuni (3) na kuvishwa soksi (2), siku nyingi kuliko nusu, ana 9, na kiwango cha kawaida ameshakivuka bila kutia chumvi hata punje. Sijui kama wewe uko hapo. Kalenda yako ndiyo itakayosema.

Umesikia pengine kwamba lazima uwe na pointi 4 kwenye jambo moja. Serikali ilipendekeza hivyo mwaka 2025, kisha ikakiondoa kifungu hicho kwenye mswada Julai mwaka huohuo ili mfumo mzima uangaliwe kwanza. Usiache kuomba kwa sababu ya habari hiyo.

Kutembea kunapimwa kwa mita. Ukiweza kuvuka 200 ni sifuri. Kati ya 50 na 200 ni pointi 4. Zaidi ya 20 lakini zisizozidi 50 ni 8, au 10 ukitumia kifaa kama fimbo. Chini ya hapo ni 12. Watu hukosea hapa kwa kujibu kwa dakika. Unasema “natembea dakika kumi mpaka dukani,” mwenzio anapiga hesabu ya mwendo wa mtu mzima, zinatoka mita mia kadhaa, na wewe katika dakika hizo kumi ulisimama mara tatu umeshika ukuta. Basi la ghorofa la hapa lina urefu wa karibu mita 11. Mita 20 ni mabasi mawili yamefuatana, 50 hayafiki matano. Nenda kapime barabara yako kwa hatua za mwanao, uone maumivu yanaanzia wapi, unasimama wapi, unapumzika muda gani, na ukirudi unaweza kwenda tena au mpaka kesho.

Sasa nikujibu kuhusu rafiki wa kwanza. Usimsikilize. Faili lako lina barua za kliniki, lina dawa zako, lina fomu uliyoijaza mwenyewe. Ukisema huwezi chochote, na barua ya mtaalamu wa viungo inasema mwezi uliopita uliingia kwa miguu yako, kila kingine ulichosema kinatiwa shaka, hata kilicho cha kweli. Kudanganya ili upate mafao ni kosa la jinai hapa, na fedha wanazirudisha mpaka senti ya mwisho. Hofu yako ya kuonekana mtaani nayo inaishia hapohapo. Anayeogopa kuonekana ni yule aliyesema hatembei. Wewe ukisema siku mbili kwa wiki nafika dukani kwa kupumzika, halafu mtu akakuona dukani, ameona ulichosema. Hali ikibadilika sana baadaye, ikiwa nzuri au mbaya, unawaarifu.

Kuhusu mwanao. Miaka 17 ni mtu mzima karibu, na moyo wake ni mzuri, lakini asitafsiri. Utaulizwa habari za chooni, kama unafika kwa wakati, kama unajisafisha mwenyewe. Utaulizwa habari za mawazo ya usiku. Hakuna mama wa Mombasa atakayeyasema hayo kinywani mwa mwanawe wa kiume, na mtoto naye asibebeshwe. Piga namba iliyo kwenye barua wiki hii, omba mkalimani, sema unataka mwanamke, na sema Kiswahili cha pwani ya Kenya. Mkalimani wa Bukavu anajua Kiswahili chake vizuri, ila chako na chake vinaachana hasa kwenye maneno ya mwili na ya nyumbani. Mkalimani amefungwa na siri ya kazi, hata kama mnaswali msikiti mmoja. Kiingereza kidogo hakikupunguzii pointi wala hakikuongezei. Wakati huohuo uliza kama simu inaweza kurekodiwa, maana hilo huombwa kabla. Mwanao anaweza kukaa karibu kwa mambo mengine, au, vizuri zaidi, aandike ukurasa mmoja wa yale anayokufanyia kwa siku, atie tarehe na sahihi, uutume.

Lakini hata mkalimani bora anaweza kuangushwa na lugha yetu yenyewe, kwa hiyo msaidie. “Mkono” wetu unaanzia begani unaishia kwenye kucha, na kwa Kiingereza hivyo ni vitu viwili tofauti. Ukisema mkono unaniuma, ripoti inaweza kuandika sehemu ya juu ya mkono huku ugonjwa uko vidoleni. Sema kiganja, sema vidole, sema kifundo. “Mguu” ni vilevile: sema goti, sema unyayo, kama ulivyoniandikia. “Nina mawazo” kwetu kila mtu anajua ni huzuni inayomla mtu, lakini ikitafsiriwa neno kwa neno ni mtu anayefikiri tu. Sema sili, silali, nalia, naogopa kukaa na watu, nimewaza kufa. “Nachoka” kila mtu anachoka. Sema nikishaoga narudi kitandani saa nzima. Na “kujisaidia” ukijaribu kulisema mwenyewe kwa Kiingereza linatoka kinyume kabisa, kwamba huhitaji msaada wa mtu. Nimeliona likitokea, kwa mzee mmoja aliyekuwa anajaribu kusema kwamba anavishwa pampasi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Hapa kilio chenyewe kinakuja kwa barua, mwezi mmoja baadaye, na ukifungua unakuta sifuri, sifuri, sifuri.

Ukiona vigumu kukumbuka, jisaidie kwa ibada zako. Udhu unakuchukua muda gani siku hizi? Mguu unafika kwenye maji au unanyunyiziwa? Unasali umesimama au kwenye kiti? Hawatakuuliza udhu, lakini mtu anayetia udhu mara tano kwa siku anajua magoti na mgongo wake vinafika wapi kuliko karatasi yoyote ya hospitali. Itoe huko habari ya kuinama, kunyoosha mkono, kusimama kwa mguu mmoja, uipeleke kwenye kuoga na kuvaa.

Karatasi zenye nguvu ni zile zinazosema unavyoishi: barua za kliniki ya viungo, orodha ya dawa, ripoti ya mtaalamu aliyekuja kukuwekea vishikio bafuni kama alikuja. Barua ya mstari mmoja kwamba una baridi yabisi haiongezi kitu wasichokijua, na daktari anaweza kukutoza pesa kwa kuiandika. Usidhani watamwandikia daktari wako kwa niaba yako. Tuma nakala wewe, weka asili nyumbani, na uwe na nakala ya fomu uliyojaza mbele yako siku ya simu. Kama kwenye fomu ulipunguza, jambo ambalo nadhani ulilifanya, hujachelewa. Sema mwanzoni mwa simu kwamba uliandika siku zako nzuri tu na unataka kueleza zote.

Kabla ya siku hiyo, tafuta mtu wa kukaa naye uso kwa uso. Citizens Advice, shirika la ushauri kwa wananchi, wapo, baadhi ya halmashauri zina washauri wa mafao, vipo vituo vya sheria, na wote hawa hawachukui pesa. Anayekwambia atakuandikia kisha mgawane malipo ya nyuma, mkimbie. Wewe una kibali cha kudumu, hapo uko salama. Wasomaji wengine wenye viza iliyoandikwa kwamba wasiguse fedha za umma wasiombe PIP kabla hawajaonana na mshauri wa uhamiaji, kwa sababu kuomba tu kunaweza kuwaharibia. Waliofika karibuni wajue kuna sharti la kuwa wamekaa nchini miaka 2 kati ya 3 ya mwisho, ambalo wakimbizi wamesamehewa. Walio Scotland, badala ya PIP, wanaomba Adult Disability Payment, na utaratibu wake ni mwingine. Mtu aliyefikisha umri wa pensheni naye anaelekezwa Attendance Allowance, mafao ya ulemavu ya wazee.

Wakikunyima, una mwezi mmoja kuomba uamuzi uangaliwe upya. Omba kwanza nakala ya ripoti ya tathmini, uisome na kalenda yako pembeni, mstari kwa mstari. Mara nyingi hatua hiyo ya kwanza haibadilishi kitu, na watu wetu hukata tamaa hapo, na ndipo wasipopaswa kukata. Inayofuata ni rufaa kwenye baraza huru, haina ada, na wanaokusikiliza ni jaji, daktari na mtu anayejua ulemavu. Zaidi ya nusu ya rufaa za PIP zinazosikilizwa hubadilisha uamuzi. Nenda na mshauri.

Kuhusu aibu, miaka 14 uliyofagia wodi usiku ulikuwa unakatwa kodi. Hukumwomba mtu kitu wakati huo, na sasa unaomba kilichowekwa kwa ajili ya aliyefikwa na lililokufika wewe. Mimi sioni aibu iko wapi, na nakwambia hivi kama dada.

Siku yenyewe, usijipange upya. Kama hiyo ni siku ya kukaa na nguo za kulala mpaka saa sita, kaa hivyo. Kama unaoga kila siku, oga. Weka simu kwenye spika ili usishike, na kama vidole vilikulazimisha kufanya hivyo, mwambie. Akikuuliza hali, mjibu hali: leo vidole havijafunguka, nimeamka mara tatu usiku. Swali usilolielewa, mwombe arudie. Akienda mbio, mwambie mkalimani amwombe apunguze mwendo. Ukichoka omba dakika tano. Kabla hajafunga, angalia kama yapo mambo kwenye kalenda ambayo hajakuuliza, umsomee.

Simu ikikatika andika imeanza saa ngapi, imeisha saa ngapi na amekuuliza nini, wakati bado unakumbuka. Halafu kalale. Kesho yake na kesho kutwa pengine utashindwa kuamka, kwa sababu saa nzima ya kukaa wima na kueleza uchungu si jambo dogo kwa mwili wako. Usiiache kalenda siku hizo mbili. Ziandike kama nyingine, maana kuanguka baada ya kazi moja ndiko wanakokuuliza wanaposema kurudia.